Hema halivuji usiku wa nyota

Jumapili nimerudishiwa hema na lawama ileile. "Kaka, hema lako linavuja. Mtoto ameamka blanketi limelowa." Nikamuuliza yule mama kama mvua ilinyesha. Haikunyesha. Anga je? "Nyota tupu, kaka, usiku mzuri ajabu." Mimi hukodisha mahema na kuyasimika kando ya Ziwa Naivasha, na niliposikia habari ya nyota nilijua jibu kabla sijaligusa hema.

Hema linalovuja huvuja mvua ikinyesha. Maji hupita kwenye mshono, au pembeni mwa zipu, au sakafu ilipotoboka, na utapaona mahali penyewe: mchirizi mmoja, dimbwi moja. Lakini vitone vidogo vilivyotapakaa dari nzima, ambavyo ukipitisha kidole vinaungana na kukuteremkia shingoni, havikutoka nje. Mmevitoa nyinyi wenyewe mkiwa usingizini.

Funua sufuria ya wali uangalie mfuniko kwa ndani. Umelowa chapachapa, na sijamsikia mpishi akisema mfuniko unavuja. Mvuke umepanda, umekuta chuma kilichopoa, umegeuka maji. Mtu mzima akilala hutoa maji ya kikombe kizima au zaidi kwa pumzi na ngozi hadi asubuhi. Walaze wanne, funga zipu zote kwa kuogopa baridi, anika humo taulo za watoto waliokuwa wakicheza majini, halafu niambie mvuke huo uende wapi.

Sasa hizo nyota, maana hapa ndipo ninapobishana na watu kila wiki. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, usiku baridi inauma. Mawingu yakiwapo, yanafanya kazi ya blanketi. Yasipokuwapo, kila kilicho wazi chini ya anga hupoteza joto lake kwenda juu, na turubai, kwa kuwa ni jembamba, hupoa hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana usiku wa mawingu watu huamka wakavu na usiku mweupe huamka wamelowa, wakati hema bovu lingefanya kinyume chake. Nenda alfajiri ukayaangalie magari yaliyoegeshwa. Lililolala uwanjani paa lake linatiririka umande. Lililolala chini ya mgunga, hatua ishirini tu kutoka hapo, unalipitishia kiganja na kiganja kinabaki kikavu. Matawi yamelikinga na anga, basi.

Kwa hiyo nikikuambia hema tulisimike chini ya migunga, sikufichi ziwa. Najua umetoka Nairobi ukitaka ufungue zipu uone maji. Lakini hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji yanavyoteremka, na hutuama pale chini kabisa karibu na mafunjo, penye unyevu wa ziwa na nyasi ndefu. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Ni hapo pia viboko hupanda usiku kuja kula nyasi, kwa hiyo ndani ya uzio wa umeme ndiyo ndani, sijadiliani na mtu juu ya hilo. Na mwaka 2020 ziwa lilipopanda, sehemu nilizozoea kusimika mahema zilikwenda na maji. Chini ya mti mimi hukagua kwanza matawi makavu. Likiwapo moja juu, tunahama.

Lililobaki ni jepesi. Turubai la juu livutwe kwa kamba likakamae, lisiguse hema la ndani. Acha upenyo chini na upenyo juu, hewa iingie huku itoke kule. Kile kidirisha cha kileleni hakikushonwa kwa urembo. Wavu wa mbu ubaki umefungwa. Na usinipakie dawa ya kuzuia maji kwenye mishono ukidhani unaziba tundu, kwa sababu tundu halipo.

Wenye magari ya kulala, nanyi mmo. Bati na kioo navyo hupoa usiku kama turubai. Kilo moja ya gesi ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa hiyo anayechemsha chai ndani madirisha yakiwa yamefungwa anajinyeshea mvua. Jiko la makaa ndani ya gari au hema ni marufuku kabisa, hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu waliolala.

Hata hivyo sitaki mdhani kufungua madirisha kunatibu kila kitu. Niliwahi kusimika mahema mawili ya aina moja bega kwa bega, moja likiwa na watu, lingine tupu. Lile tupu nalo lilikutwa na unyevu chini ya turubai la juu, ingawa kidogo. Nyasi mbichi na udongo navyo hutoa mvuke, kwa hiyo kuzilaumu pumzi peke yake si haki. Na ukungu ukishuka, hewa yenyewe ikiwa imeshiba maji, nimefungua kila kinachofunguka na bado nimeamka nikipangusa kwa kitambaa. Tena kuna wazazi wenye watoto wachanga mwezi wa Julai. Kuwaambia waache baridi ile iingie hunipa wasiwasi kila mara. Huwaongezea blanketi, nawaomba waache kidirisha cha juu tu, na usiku huo mimi mwenyewe silali vizuri.

Lile hema la Jumapili nililisimika upya mbele ya yule mama na kulimwagia ndoo tatu za maji, moja baada ya nyingine. Akavua viatu, akaingia kwa magoti, akapapasa dari na pembe zote nne za sakafu. Akatoka na viganja vikavu, akauliza mgunga ulio karibu na bomba umeshachukuliwa mwisho wa mwezi.