Familia Kubwa na Vyumba vya Meli: Yasemwayo na Yalivyo

Likizo za shule zikikaribia, Waswahili walioko Marekani huanza kuulizana: sisi ni sita, pengine saba, na bibi yumo, hizi meli za utalii tutaziweza kweli? Majibu hayakosi, ila mengi ni ya kusikia tu. Hapa tuchukue familia moja ya mfano: baba, mama, watoto watatu na bibi, wakazi wa Houston, wanaotaka safari ya siku 7 kutoka bandari ya Galveston. Bei nitakazotaja ni za mfano pia. Jinsi zinavyopangwa ndiyo ya kweli.

"Tukibanana chumba kimoja ndiyo nafuu"

Nauli ya meli hutozwa kwa kichwa, na kila chumba huhesabiwa kuwa na watu wawili. Hao wawili wa kwanza hulipa nauli kamili. Wa tatu na wa nne hulipa pungufu, mara nyingine pungufu sana. Tuseme wawili wa kwanza ni dola 850 kila mmoja, na wa tatu na wa nne ni dola 500. Wagawe sita wetu watatu huku, watatu kule: jumla dola 4,400. Wagawe wanne huku, wawili kule: dola 4,400 zile zile. Kwa hiyo kubanana hakujaokoa hata senti.

Kinachobadilika ni maisha ya humo ndani. Chumba kisicho na dirisha huwa na mita za mraba 14 hadi 17 hivi, choo kimoja, na kabati la kugombania. Kitanda cha tatu huwa ni kochi linalokunjuliwa, na cha nne huteremshwa kutoka darini usiku, kinapandwa kwa ngazi. Bibi hapandi huko. Na aliyelala chini ataamshwa na mguu wa mjukuu unaopapasa ngazi gizani saa nane za usiku.

Vyumba vya watu wengi vipo kweli. Royal Caribbean ina vya watu sita katika baadhi ya meli zake, na Disney ina vya watano. Ila ni vichache, huisha mapema, na bei yake ina kiburi. Kabla hujakilipia, piga hesabu ya vyumba viwili vya kawaida. Mara nyingi viwili hushinda, na vyoo vinakuwa viwili.

"Vyumba viwili maana yake watoto walale peke yao"

Kwa safari zinazoanzia Marekani, kampuni kubwa hutaka kila chumba kiandikishwe mtu wa miaka 21 au zaidi, ingawa wazazi wenye chumba cha jirani kabisa mara nyingi hulegezewa. Wazoefu humwandikisha baba chumba kimoja na mama cha pili. Mkishapanda, mtajua wenyewe nani alale wapi, na mapokezi mtaomba kadi ya ziada ya mlango.

La kuuliza kwa makini ni hili: vyumba hivyo vina mlango kati yao, au vimepakana ukuta tu? Mawakala wengine husema "viko pamoja" wakimaanisha lolote kati ya hayo mawili. Fungua ramani ya deki, yaani ghorofa ya meli, uione alama ya mlango mwenyewe.

Faida nyingine haitajwi sana. Kampuni nyingi zina sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho wanunue. Kama mjomba anakunywa na ninyi wengine hamnywi, asiandikwe chumba chenu.

"Meli ni kubwa, nafasi haziishi, tusubiri bei za mwisho"

Ushauri huu unamfaa mtu na mkewe. Kwa familia ya sita ni kujitafutia presha.

Tazama meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwaka 2024. Kwa hesabu ya wawili kila chumba inabeba abiria 5,610. Vitanda vyote vikijaa ni 7,600 hivi. Tofauti ya hao karibu 2,000 ndiyo vitanda vya tatu na vya nne ambavyo familia zote zinavigombania, tena wiki zile zile shule zinapofungwa.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: unaona chumba cha watu wanne kiko wazi, unaandika watu wanne, unaambiwa hakipatikani. Si lazima mtandao uwe umekosea. Kila eneo la meli lina kituo chake cha kukusanyikia wakati wa dharura na mashua zake za kuokolea, na kituo hicho kina kikomo cha watu. Kikijaa, vyumba vilivyobaki eneo hilo huuzwa kwa watu wawili tu, hata kama vitanda vya ziada vinaning'inia darini. Ukali huu una historia. Titanic ilizama 1912 ikiwa na watu zaidi ya 2,200 na mashua za kutosha watu 1,178 tu. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa baharini ukafuata 1914. Hapo hakuna meneja wa kubembelezwa.

Kwa hiyo mlio wengi, wahini. Lipeni amana, ile inayorudishwa, kisha endeleeni kuchungulia bei. Hadi siku ya kumalizia salio, ambayo mara nyingi ni siku 75 hadi 90 kabla ya safari, bei ikishuka, aliyenunua Marekani kwa kawaida huweza kuomba abadilishiwe.

Na zile nafasi za bei ya chini ambazo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba? Mkichukua vyumba viwili hivyo, mnaweza kujikuta kimoja deki ya 3 mbele na kingine deki ya 11 nyuma. Wenye watoto wadogo waachane nazo.

"Mtoto anasafiri bure"

Nauli ndiyo huwa bure, tena akiwa wa tatu au wa nne chumbani. Kodi na ada za bandari ziko pale pale, na bakshishi pia, isipokuwa kwa watoto wachanga wa baadhi ya kampuni. Ofa hizi hukwepa tarehe za sikukuu. Mchanga naye huhesabiwa kichwa, na kwa kawaida awe ametimiza miezi 6. Safari za kuvuka bahari kuu, miezi 12.

"Bei ya tangazo ndiyo ya mwisho"

Tangu Julai 2024, kwa sababu ya sheria ya California, kampuni kubwa zinatangaza bei Marekani zikiwa na kodi na ada za bandari ndani. Bakshishi imebaki nje. Ni kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa kwa siku. Kwa dola 18, familia yetu ya sita kwa siku 7 inaongeza dola 756, na 4,400 inakuwa 5,156. Aliyeko Houston ataongeza mafuta na maegesho ya Galveston. Aliyeko Minneapolis aanze na tiketi sita za ndege ndipo aangalie chumba.

"Tuko wengi, watatupa bei ya kikundi"

Kikundi kwa kampuni nyingi ni vyumba 8, yaani watu 16. Ukoo ukifika hapo, muulizeni wakala kuhusu nafasi moja ya bure; kodi yake mtalipa.

"Mtoto ni wetu, nani atauliza?"

Bandarini watauliza. Mtoto wa dada anayesafiri na mjomba anahitaji barua ya ridhaa ya wazazi wake, iliyothibitishwa kisheria. Bibi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa au Tanga awe na viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi, kwa sababu meli ikitoka Cozumel, Mexico, kurudi Galveston, yeye anaingia Marekani upya. Yakamilisheni hayo kabla ya kulipa salio, maana anayezuiwa kupanda kwa kukosa karatasi kwa kawaida harudishiwi nauli.