Kuuguza mtu asiyekula: muuguzaji ni nani?

Muuguzi ana sare na zamu. Muuguzaji hana. Ni mama, dada au mume anayebaki na mgonjwa, na hapa Mwanza ukimkuta nje ya wodi Bugando na chupa ya chai mkononi utamwambia "pole kwa kuuguza" hata kama humjui. Ila binti akiwa na ugonjwa wa ulaji, yaani anajinyima chakula mpaka mwili unakwisha (anoreksia), au anafakamia kisha anajitapisha kwa siri (bulimia), mama yake haambiwi pole. Anaambiwa, "Umemdekeza huyo, anaringa tu."

Kazi yake iko mezani. Mchuzi wa sato umeshapoa, tonge moja limegeuzwageuzwa robo saa nzima, na mama amekaa palepale, hafoki, haondoki. Binti huyo haringi. Njaa ikikaa mwilini hubadilisha akili: mwaka 1945 huko Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa takriban miezi sita, nao wakawa wanawaza chakula mchana kutwa, wananuna, wanajitenga na wenzao. Ndiyo maana tiba ya familia iliyokuzwa hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980 haiwalaumu wazazi. Inawakabidhi sahani kwanza. Binti hurudishiwa uamuzi kidogokidogo kadiri anavyopata nafuu.

Lakini aliyekonda sana asishindiliwe chakula kwa ghafla, maana madini ya damu huweza kushuka na moyo ukasumbuka. Huyo aanzie hospitali. Anayezimia naye asisubiri kesho.

Sasa, kumsaidia muuguzaji ni nini? Wengi huleta ushauri, na ushauri anao tele. Bora mama mdogo avuke kutoka Sengerema, akae mezani kwa mlo wa jioni, mama mwenyewe atoke nje apumue, au walau ale chakula chake kikiwa cha moto.

Halafu kuna ulimi. Kwetu "umenenepa!" ni sifa, mtu huisema akicheka, huku amekushika mkono. Kwa binti huyu neno hilo linaweza kuvuruga kazi ya wiki nzima. Kwa hiyo mama huwawahi wageni getini, kabla hawajavua viatu: "Msalimieni, muulizeni habari za shule. Mwili wake msiutaje."