Namba ya koordinesheni haisomwi kwenye fomula

Namba ya koordinesheni ni idadi ya atomi zilizojifunga moja kwa moja na metali iliyo katikati ya changamano, yaani kiwanja ambacho metali imezungukwa na molekuli au ioni zinazoishika, ziitwazo ligandi. Zinahesabiwa atomi, si ligandi: ethilinidiamini hushika kwa naitrojeni mbili, kwa hiyo molekuli zake tatu tu zinaipa kobalti namba 6.

Kinachochosha ni mazoea ya kuitupia fomula jicho na kutoa jibu. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ni CuSO₄·5H₂O, basi utaambiwa shaba yake ina namba 5. Sivyo. Beevers na Lipson walipochunguza fuwele za mrututu kwa eksirei mwaka 1934, walikuta molekuli 4 za maji zimeizunguka shaba kwenye bapa moja, umbali wa takriban pikomita 195 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), na oksijeni 2 za salfeti juu na chini yake, mbali kidogo, kama pikomita 240. Jumla ni 6. Maji ya tano hayaigusi shaba kabisa. Yameshikiliwa na vifungo vya haidrojeni. Wengine hujibu 2 kwa sababu imeandikwa shaba(II), lakini hiyo ni hali ya oksidesheni, yaani chaji inayohesabiwa kwa shaba, hesabu nyingine kabisa.

Mwanakemia Alfred Werner alizitenganisha hesabu hizi mbili mwaka 1893, kabla eksirei haijagunduliwa. Chukua CoCl₃·5NH₃. Nitrati ya fedha hushusha mara moja, kama mashapo, kloridi 2 tu kati ya 3, kwa kuwa ya tatu imeshikwa na kobalti pamoja na amonia 5. Ndiyo sababu tunaandika [Co(NH₃)₅Cl]Cl₂, na namba ni 6.

Kwa mrututu huohuo unaweza kutengeneza changamano linalowatega wengi zaidi. Yeyusha gramu 5 kwenye mililita 15 za maji ya moto, acha yapoe, kisha ongeza polepole mililita 10 za amonia kali, mahali penye feni ya kuvuta hewa. Kwanza hutokea mashapo ya buluu mpauko, ambayo ni chumvi ya shaba yenye haidroksidi. Ukiishia hapo umepata kitu kingine. Endelea mpaka yayeyuke yote na rangi ikolee. Tia ethanoli mililita 25 tone kwa tone, maana ukiimwaga kwa pupa unapata unga laini badala ya fuwele. Poza kwenye barafu, chuja, osha kwa ethanoli iliyotiwa amonia kidogo, kaushia hewani. Usitumie oveni: amonia hutoroka na fuwele hupauka. Kiwango cha juu kinachowezekana ni gramu 4.9.

Fomula yake ni Cu(NH₃)₄SO₄·H₂O, na jibu la haraka ni 4. Eksirei inaonyesha naitrojeni 4 zikiwa zaidi kidogo ya pikomita 200 kutoka kwenye shaba, na oksijeni ya yale maji ikiwa juu yake, takriban pikomita 260. Kwa hiyo ni 5, piramidi yenye kitako cha mraba. Wanaoandika 4+1 (nne za karibu na moja ya mbali) kwa ajili ya urefu wa kifungo hicho cha maji hawajakosea, mradi wataje umbali. Uchanganuzi wa elementi utakuambia naitrojeni ni ngapi, hautakuambia ziko wapi. Kama ndio pekee ulio nao, andika fomula na uiache namba ya koordinesheni wazi.