Taa ya oili ikiwaka, si lazima pampu iwe imekufa

Wengi wakiona taa nyekundu ya oili kwenye Corolla ya zamani yenye injini ya 4A-FE, hukimbilia kununua pampu ya oili. Zima injini, pima oili kwa kijiti, kisha fungua swichi ya presha, ile inayowasha taa hiyo, na ufunge geji ya kupimia presha mahali pake. Washa injini; ikiwa ya moto, geji isome angalau psi 4.3 bila kukanyaga mafuta, na psi 36 hadi 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikifika hapo, huenda kibovu ni swichi. Isipofika, shusha sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwanza: chujio la kufyonzea lililoziba tope huinyima pampu oili, na beringi za krenki (shafti kuu ya injini) zilizolika hupoteza presha hata pampu ikiwa mpya kabisa. Hapo ndipo pesa za watu hupotea bure. Ukiibadilisha pampu, ijaze oili kabla ya kuifunga. Ikiwa kavu inaweza kushindwa kuvuta.