Klabu gani kwa mtoto mwenye usikivu hafifu? Kausikilize ukumbi kwanza

Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, chumba changu cha kupimia usikivu hapa Dar es Salaam hugeuka ofisi ya ushauri wa michezo. Mzazi amekuja kubadilishiwa mtoto vipira vya masikioni kwa sababu vya zamani vimelegea na mashine inapiga mluzi. Mtoto ana miaka sita au saba. Kabla hawajaaga, swali linatoka: daktari, nimpeleke skauti au karate? Kuogelea au kwaya ya watoto? Mpira je, mashine si itavunjwa siku ya kwanza? (Mimi si daktari, ila nimeshaacha kubishana juu ya hilo.)

Jibu langu huwaudhi wengine: mchezo wenyewe uweke mwisho. Angalia kwanza mahali, halafu mtu atakayesimama mbele ya watoto. Mtoto mwenye usikivu hafifu anaweza kucheza karibu mchezo wowote, lakini hawezi kufaidi klabu yoyote tu.

Mahali kwanza. Mashine ya kusikia, ambayo walimu wa elimu maalumu huiita shime sikio, hukuza sauti ya kocha na hukuza pia pangaboi, viti vinavyoburutwa na watoto thelathini wanaopiga kelele. Za kisasa hupunguza kelele kiasi, lakini hazifanyi miujiza. Zinafanya kazi vizuri zaidi msemaji akiwa ndani ya mita moja au mbili. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kocha aliye mita nane amepoteza desibeli 18 kuliko akiwa mita moja, na hapo bado hatujahesabu mwangwi. Mtoto wa aina hii huhitaji sauti ya mwalimu iizidi kelele ya chumba kwa takriban desibeli 15 ili afuate maneno bila kubahatisha. Wewe mtu mzima mwenye masikio mazima unatosheka na pungufu ya hapo, ndiyo maana ukumbi unaouona wewe wa kawaida kwa mwanao ni vurugu tupu.

Kwa hiyo nenda ukausikilize. Usiende asubuhi ukumbi ukiwa mtupu na meneja anakutembeza. Nenda saa ya klabu. Simama nyuma kabisa, piga kofi moja, usikie sauti inachukua muda gani kufa. Kisha mpe kocha mgongo ujaribu kufuata maelekezo yake kwa dakika tano. Ukumbi wa marumaru chini, kuta za saruji na mabati juu ni mbaya, na mvua ikinyesha hakuna anayesikia chochote, hata wasio na tatizo. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni zuri ajabu, na chini ya mwembe ni bora kuliko kumbi nyingi za kukodi, ilimradi upepo usiwe mkali, maana upepo unaopiga kwenye maikrofoni ya mashine huwa ngurumo ndani ya sikio.

Usidanganywe na kocha mwenye sauti kubwa. Kupaza sauti huongeza irabu, na irabu mtoto tayari anazisikia. Kinachompotea ni s, f, sh na t, herufi zenye nguvu ndogo na mlio wa juu. Mwalimu akisema "simama" na s ikaenda na kelele, kinachobaki kiko jirani mno na "inama". Nimewahi kuletewa mtoto aliyeitwa mkaidi kwa sababu hiyo: wenzake wanasimama, yeye anainama. Kusema polepole kidogo huku umemtazama kunasaidia kuliko kupiga kelele.

Sasa huyo kocha, ambaye kwangu ndiye nusu ya uamuzi au zaidi. Usimuulize kama anapokea watoto wenye ulemavu. Atasema ndiyo, nani atasema hapana mbele ya mzazi? Muulize swali hili: mwanangu asipokusikia, utajuaje?

Wengi hujibu, "Usijali mama, ataangalia wenzake." Hilo jibu linanitia wasiwasi kuliko kukataliwa. Watoto hawa ni mabingwa wa kuangalia wenzao. Mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima kwenye klabu, amepangwa kwenye mstari, anakimbia wengine wakikimbia, anacheka wengine wakicheka, na kocha akaapa kwamba anaelewa kila kitu. Mwangalie kwa makini utaona anachelewa nusu sekunde kwenye kila jambo. Hajui kwa nini wanakimbia. Kanuni za mchezo hazijui, anakisia. Siku kanuni ikibadilika ndiyo siku anayokosea mbele ya watu, na wiki inayofuata anaumwa tumbo kila Jumamosi.

Kocha ninayemtaka husema kitu kama: nitamwita nimwambie aniambie tunafanya nini. Asimuulize "umeelewa?", kwa sababu mtoto huitikia ndiyo ili aachwe. Amwambie, "Hebu nieleze." Mwangalie pia kama anaongea huku anatembea, kama anaandika ubaoni akiwa amewapa mgongo, kama mdomo umefunikwa na filimbi. Na mtoto akiuliza "nini?", anajibiwa vipi? Anayesema "basi, achana nayo" msamehe, ila mwanao usimwache hapo. Neno hilo dogo linamfundisha mtoto kuacha kuuliza.

Kwa michezo yenyewe nina upendeleo wangu. Kwa umri huu skauti wako juu kwenye orodha yangu (wasomaji wa Kenya, ninyi mna Sungura, yaani skauti wadogo), kwa kuwa vikundi ni vidogo na kupanga mistari na duara hufanywa kwa ishara za mikono. Shida ni kambi. Huku kwetu giza huingia ghafla, na mtoto anayesoma midomo moto wa kambi unamtoa kwenye hadithi nzima. Omba tochi imulike uso wa anayesimulia, isimmulike mtoto machoni.

Karate na taekwondo hufundishwa kwa kuonyesha, jambo jema, na mtoto akae mstari wa mbele. Lakini mkigeuka nyuma, wa mbele amekuwa wa mwisho na mwalimu yuko kisogoni. Mwalimu mzuri huzunguka. Kwenye kupigana mashine zinavuliwa. Mtoto aliyepandikizwa kifaa cha usikivu asipigane kabisa mpaka timu iliyompasua iruhusu, maana kipande kimoja kiko chini ya ngozi ya kichwa.

Kuogelea nakupenda. Majini kila mtoto anasikia vibaya, kwa hiyo kocha mwenye akili tayari anatumia mikono, na mwanao anajikuta sawa na wengine. Kocha asisimame jua likiwa nyuma yake, uso utakuwa kivuli. Ila sikio linalotoa usaha, au ngoma ya sikio iliyotoboka, lisiguse maji mpaka daktari wa masikio aseme sawa. Hili halina mjadala.

Mpira wa miguu: uwanja hauna mwangwi, umbali ndio adui. Mwambie kocha anyanyue kibendera pamoja na filimbi. Ni kitambaa tu. Kama una uwezo, kuna maikrofoni ndogo ya kocha kuvaa kifuani inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye mashine. Ni ghali, na wengi wa wateja wangu hawana.

Kwaya? Kwa nini isiwe? Mwombe mtaalamu wako aweke programu ya muziki kwenye mashine, kwa sababu nyingine hudhani noti iliyovutwa ni mluzi wa mashine na kuikata. Ngoma mtoto ataisikia hata kifuani. Madrasa nayo nina imani nayo, mradi mtoto akae ubavuni kwa mwalimu na si kwenye kishindo cha wote kusoma kwa pamoja.

Halafu lile swali ambalo wazazi hulinong'ona: apelekwe kwa viziwi au kwa wanaosikia? Mimi nasema kote kuwili, ikiwezekana. Tangu 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inapandikiza vifaa vya usikivu, jambo ambalo zamani lilimpeleka mtoto India, na baadhi ya wazazi wamehitimisha kwamba Lugha ya Alama sasa haina kazi. Lakini kifaa kikivuliwa bwawani, betri ikiisha, usiku ukifika, mtoto hasikii. Na kuna kitu hawezi kukipata kwenye klabu ya wanaosikia hata iwe nzuri vipi: kumwona mtu mzima kiziwi akiendesha mambo, akitania, akikosea, akifokea refa. Kaulizie CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, au shule za viziwi kama Buguruni, kama kuna michezo ya Jumamosi. Kwenye Deaflympics, mashindano ya kimataifa ya michezo ya viziwi yaliyoanza Paris mwaka 1924, wachezaji wote huvua mashine kabla ya kushindana. Waambie hivyo watoto wanaoona haya kuvua zao. Nimeona nyuso zikibadilika.

Muda pia. Mtoto aliyekuwa shuleni tangu asubuhi akikazana kusikia, saa kumi jioni kichwa kimechoka. Klabu ileile Jumamosi asubuhi itampata mtoto mwingine kabisa. Akirudi kimya, akalala au akavua mashine mlangoni, hajanuna. Mwache nusu saa kabla hujaanza kumhoji.

Kwenye begi weka kikopo chenye mfuniko na chembe za kukausha unyevu, kwa ajili ya jasho, na betri za akiba ambazo karatasi yake haijabanduliwa. Ikishabanduliwa inaanza kuisha hata kama haitumiki. Betri zikae kwa kocha, zisikae kwa mtoto wala wenzake. Aliyemeza anakimbizwa hospitali hapohapo.

Mwisho, usilipe muhula mzima. Omba vipindi viwili vitatu vya majaribio, na baada ya kila kimoja mwulize mwanao mambo mawili tu: nani alikaa karibu nawe, na mlicheka nini. Akikutajia jina la mwenzake na kichekesho chenyewe, kalipe. Akikuambia walicheka lakini hajui kwa nini, rudi ukaongee na kocha. Akisema hivyo tena wiki inayofuata, jaribu klabu nyingine, hata kama hii ndiyo yenye bwawa.