Je, wajua kwa nini mwanaprogramu hodari huganda mbele ya msaili?

Mtu ameandika programu kwa miaka mitano, na wenzake wakikwama humkimbilia yeye. Siku ya usaili anapewa swali la dakika 45, jepesi kuliko mengi anayoyatatua kila wiki, na ghafla hata namna ya kuanza haimjii. Akishaagana na msaili tu, jibu linakuja lote, mwanzo hadi mwisho.

Wengi hutoka hapo wakijiambia kwamba kumbe kazi hawaijui. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi si kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na wenzao wa Microsoft, nchini Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta. Baadhi walitatua swali kwenye ubao mweupe huku msaili akiwatazama na wao wakieleza wanachofikiri. Wengine walitatua swali ubaoni vilevile, ila chumbani peke yao. Ufanisi wa waliotazamwa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa hawakufaulu hata mmoja, na walioachwa peke yao walifaulu wote. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti ya namna hiyo haipuuziki.

Sababu ni kwamba akili hushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja, na kuandika programu kunaijaza karibu yote: kitanzi, yaani sehemu inayorudiwarudiwa, kimefika wapi, namba gani imehifadhiwa, sharti gani halijatimizwa. Ikiongezeka hofu ya "huyu ananionaje?", kitu kimojawapo lazima kidondoke. Ndiyo maana mtu anayejiandaa kwa kutatua mamia ya maswali kimyakimya, usiku, peke yake, anajiandaa kwa mtihani mwingine kabisa. Kutatua ni ujuzi mmoja. Kutatua huku unasema na unatazamwa ni ujuzi wa pili, nao hupatikana kwa kuufanyia mazoezi.

Mbona basi kampuni haziachi usaili wa namna hii? Baadhi ya mambo zimeyaacha. Google iliwahi kuvuma kwa mafumbo yake kwenye usaili, mpaka mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza masuala ya wafanyakazi huko, alipokiri hadharani kwamba mafumbo yale yalikuwa kupoteza muda tu. Lakini kufikiri kwa sauti kumebaki, na kwa maoni yangu kuna haki yake: kazini hutakaa kimya, utawaeleza wenzako kwa nini umechagua njia hii ukaiacha ile. Jibu lililoandikwa tu halimwonyeshi msaili hilo.

Chukua swali linaloulizwa sana: umepewa orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni 10. Kosa la kwanza ni kukimbilia kibodi. Anza kwa kuuliza. Je, namba zimepangwa? Zinaweza kujirudia? Zipo hasi? Kama hakuna jozi inayofaa, nirudishe nini? Maswali haya si ya kujipendekeza, kwani kila jibu linaweza kubadilisha programu utakayoiandika.

Kisha sema njia ya kijinga kwanza, bila aibu: "Naweza kulinganisha kila namba na nyingine zote." Papo hapo eleza gharama yake. Kwa orodha ya namba 100,000, hizo ni jozi karibu bilioni 5. Sasa kuna kitu mezani cha kuboresha, nawe hujakaa kimya. "Nikiwa na 3, ninachohitaji ni 7 tu. Kwa nini nizunguke orodha nzima kuitafuta?" Hapo unaweka kila namba uliyoipita kwenye kamusi, ile wanayoijua watumiaji wa lugha ya programu ya Python, inayokujibu karibu mara moja kama kitu kimo au hakimo. Bilioni 5 zimegeuka safari moja ya hatua 100,000. Msaili aliyesikia njia hiyo yote ameshajua mengi kukuhusu hata kabla hujaandika mstari.

Kwa hiyo zoezi lenye faida kuliko yote ni kumwomba rafiki akae mbele yako, saa ikihesabu, nawe useme kila unachofikiri. Akikosekana rafiki, jirekodi. Mara ya kwanza utaona haya na sauti itakatika katikati ya sentensi. Kufikia mara ya kumi, kule kutazamwa kumeanza kuwa jambo la kawaida, na akili imerudi kwenye swali.

Limebaki jambo ambalo wengi huliruka: kukagua. Utafutaji wa kugawa nusu, yaani kutazama katikati ya orodha iliyopangwa na kutupa nusu isiyofaa, unaonekana rahisi mno. Orodha ya vitu milioni moja huisha kwa hatua 20 hivi. Jon Bentley, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, aliwapa wanaprogramu wa kulipwa wa maabara ya Bell Labs na kampuni ya IBM zoezi la kuuandika kwa saa kadhaa, na wengi wao mno walikosea. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeuandika utafutaji huo kwenye maktaba ya lugha ya Java, yaani mkusanyiko wa programu zilizo tayari kutumika, alitangaza kwamba hata programu yake ilikuwa na hitilafu iliyojificha kwa takriban miaka tisa. Ili kupata katikati, ilijumlisha namba ya nafasi ya mwanzo na ya mwisho kisha kugawa kwa mbili. Kwenye orodha kubwa sana jumla ile huvuka 2,147,483,647, kikomo cha namba nzima ya kawaida katika Java, na kugeuka hasi. Dawa yake ni kuchukua tofauti ya mwisho na mwanzo, kuigawa kwa mbili, halafu kuiongeza kwenye mwanzo.

Basi ukimaliza kuandika, usiseme "nimemaliza." Chukua orodha tupu, kisha yenye kitu kimoja, kisha kubwa kupita kiasi, uipitishe kila moja kwenye programu yako mstari kwa mstari, kwa sauti, msaili akisikia.