Je, wajua kwa nini safuwima moja huburutwa mara mbili kwenye jedwali pivoti ili upate jumla na asilimia pamoja?

Kwenye jedwali pivoti, yaani jedwali la Excel au Google Sheets linalofupisha data ndefu, umeburuta "Mauzo" hadi kwenye kisanduku cha "Values", na jumla za shilingi zimejipanga bila shida. Sasa bosi anataka na asilimia. Unabadilisha namba zionekane kwa asilimia, na zile shilingi zinatoweka. Unarudisha shilingi, asilimia nazo zinakwenda zake. Dawa yake inafanana na mzaha: buruta "Mauzo" ileile mara ya pili.

Sababu iko kwenye muundo wa pivoti yenyewe. Kila kinachowekwa kwenye "Values" hubeba maagizo mawili makuu. La kwanza ni namna ya kukusanya data: kujumlisha, kuhesabu idadi, kutafuta wastani na kadhalika. La pili ni namna ya kuonyesha kilichokusanywa: kama kilivyo, kama sehemu ya jumla fulani na kadhalika. Nafasi ya agizo la pili ni moja tu. Ukichagua asilimia, umeiondoa shilingi kwenye maonyesho, ingawa chini kwa chini pivoti bado inajumlisha shilingi zilezile. Kuburuta mara ya pili hakunakili data. Kunafungua dirisha jingine juu ya safuwima ileile, na dirisha hilo linapata agizo lake la maonyesho.

Tuchukue duka la jumla lenye matawi mawili, Kariakoo na Tandika. Data ghafi ina safuwima tatu: Tawi, Bidhaa na Mauzo, kila risiti ikiwa na mstari wake. Pivoti ya mwezi mmoja inatoa hivi, kwa shilingi:

| Bidhaa | Kariakoo | Tandika | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mchele | 4,800,000 | 1,000,000 | 5,800,000 |
| Sukari | 3,600,000 | 1,200,000 | 4,800,000 |
| Unga | 3,600,000 | 1,800,000 | 5,400,000 |
| Jumla kuu | 12,000,000 | 4,000,000 | 16,000,000 |

Kwenye Excel, Bidhaa iko "Rows", Tawi iko "Columns", Mauzo iko "Values". Shika Mauzo tena kutoka kwenye orodha ya juu, uiangushe chini ya ile ya kwanza. Itajiita "Sum of Mauzo2", na kila tawi litapata safuwima mbili zenye namba zilezile. Bofya kulia juu ya namba yoyote ya ile safuwima ya pili, nenda "Show Values As", kisha chagua aina ya asilimia. Ile ya kwanza usiiguse. Ukitaka asilimia ikae chini ya shilingi badala ya ubavuni, kisanduku cha "Columns" sasa kina kitu kipya kiitwacho "Σ Values", kihamishie "Rows". Kwenye Google Sheets mambo ni hayohayo: katika paneli ya pembeni, palipoandikwa "Values", bonyeza "Add", chagua Mauzo kwa mara nyingine, halafu kwenye "Show as" badilisha "Default" iwe asilimia unayotaka.

Majina yale ya "Sum of" yabadilishwe, hayapendezi kwenye ripoti. Ila ukiandika "Mauzo" tupu, Excel itakataa kwa sababu jina hilo ni la safuwima ya data ghafi. Andika "Mauzo TSh" kwa moja na "Mauzo %" kwa nyingine. Wengine huandika "Mauzo" na kuacha nafasi moja mwishoni, na Excel hukubali.

Hapo kwenye kuchagua aina ya asilimia ndipo wengi hupotea. Kwenye hesabu za sehemu shuleni, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Ukitaka asilimia hizi, menyu ya "Show Values As" haiulizi kitu kingine zaidi ya asili: ugawe kwa nini? Tazama unga wa Tandika, shilingi 1,800,000. Kwa "% of Grand Total" unagawanywa kwa milioni 16 na kuwa 11.25%. Kwa "% of Column Total" unagawanywa kwa mauzo yote ya Tandika, milioni 4, na kuwa 45%. Kwa "% of Row Total" unagawanywa kwa unga wote wa matawi yote mawili, 5,400,000, na kuwa 33.33%. Fedha ni ileile, majibu ni matatu, na yote ni sahihi. Anayetaka kujua Tandika inaishi kwa bidhaa gani asome ile ya safuwima. Anayepanga gari la unga liende wapi asome ile ya mstari. Ripoti inayosema "unga 45%" bila kutaja ni 45% ya nini haijasema kitu.

Na ndiyo maana shilingi zinapaswa kukaa pembeni. Kwa asilimia peke yake, unga wa Tandika (45%) unaonekana kuushinda ule wa Kariakoo (30%). Kwa shilingi, Kariakoo imeuza mara mbili yake.

Kuna namba nyingine kwenye jedwali hilo ya kuangaliwa kwa karibu. Ukiwa umechagua asilimia ya safuwima, mstari wa unga utasoma 30% Kariakoo, 45% Tandika, na 33.75% upande wa jumla. Mtu akiona 33.75 hudhani pivoti imekosea, maana wastani wa 30 na 45 ni 37.5. Haijakosea. Pivoti haifanyi wastani wa asilimia. Inarudi kwenye shilingi, inagawanya 5,400,000 kwa 16,000,000. Kariakoo ni kubwa mara tatu ya Tandika, hivyo inavuta jibu upande wake. Hii pia ndiyo sababu ya kutokuweka safuwima ya asilimia kwenye data ghafi kisha kuiburuta ndani ya pivoti: hapo itazijumlisha au kuzifanyia wastani asilimia zenyewe, na hakuna jibu la maana litakalotoka.

Data yenye ngazi, kama mkoa ndani ya sehemu kubwa zaidi, ina chaguo lake: "% of Parent Row Total", yaani asilimia ya "mzazi", ngazi iliyo juu yake, lililoingia kwenye Excel ya 2010. Sensa ya Tanzania ya 2022 inalionyesha vizuri. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 kati ya watu 61,741,120 wa nchi nzima. Kwa jumla kuu, huo ni 1.45%, namba ambayo jicho linairuka. Weka Tanzania Bara na Zanzibar kuwa ngazi ya juu, mikoa ndani yake, kisha chagua asilimia ya mzazi: Mjini Magharibi inakuwa 47.26% ya watu 1,889,773 wa Zanzibar. Karibu nusu ya Visiwani. Mstari wa Zanzibar wenyewe, kwa kuwa mzazi wake ni jumla kuu, unasoma 3.06%.

Wapo wanaojaribu njia za mkato. Ya kwanza ni kuandika fomula nje ya pivoti, ubavuni. Inafanya kazi leo. Kesho likiongezwa tawi la tatu, pivoti inatanuka na kutaka kukalia seli zenye fomula zako. Excel inauliza kama ifute kilichopo. Ya pili ni "Calculated Field", yaani kuandika fomula =Mauzo/SUM(Mauzo) ndani ya pivoti. Hii itakupa 1 kila mahali, sawa na 100%, kwa sababu ndani ya kila seli "Mauzo" tayari ni jumla ya seli hiyo. Unaigawa kwa yenyewe. Fomula hizo haziwezi kuifikia jumla kuu. Kuburuta mara mbili ni rahisi kuliko zote.

Sasa makosa ambayo asilimia huyaficha. Kwenye data ghafi, mtu akiandika "TSh 25,000" kama maneno badala ya 25000, safuwima inakuwa na maandishi, na ukiiburuta hadi "Values" Excel huhesabu mistari badala ya kujumlisha. Kichwa kinasoma "Count of Mauzo". Kwa asilimia huwezi kugundua, kwa kuwa 40% ya risiti na 40% ya fedha zinafanana sura. Lakini safuwima ya jumla ikisoma 312 mahali ulipotarajia mamilioni, unashtuka papo hapo. Safisha data kwanza, kisha nenda "Value Field Settings" urudishe "Sum" kwenye nakala zote mbili. Kubadilisha moja hakubadilishi nyingine.

Kichujio nacho kina mtego. Ukiuficha mchele, pivoti inauondoa hata kwenye asili ya hesabu. Unga wa Tandika unapanda kutoka 45% hadi 60%, maana sasa unagawanywa kwa milioni 3, na hakuna gunia hata moja lililoongezeka. Pembeni, 1,800,000 imebaki palepale.

Namba hasi huleta maajabu zaidi. Ikiwa tawi moja lina faida ya milioni 5 na jingine hasara ya milioni 1, jumla ni milioni 4, na pivoti itaandika 125% na -25%. Hesabu ni sahihi, ila haisomeki kama mgao. Kwa faida na hasara, onyesha shilingi na uache asilimia ya jumla.

Kwa chati, nguzo za asilimia zitatoweka kabisa, kwani 0.45 haionekani kwenye mhimili wa mamilioni. Chagua chati ya mchanganyiko na uipeleke asilimia kwenye mhimili wa pili.

Limebaki suala la desimali. Excel huonyesha asilimia za pivoti kwa desimali mbili isipoambiwa vingine. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na watu wenye jinsia mbili 1,524, kundi lililohesabiwa rasmi kwa mara ya kwanza. Weka takwimu hizo kwenye pivoti, chagua asilimia ya jumla, na kundi la tatu litasoma 0.00%. Bofya kulia kwenye safuwima ya asilimia, ingia "Value Field Settings", kisha "Number Format", ongeza desimali hadi nne, na itasoma 0.0032%. Pitia njia hiyo badala ya kupaka mtindo seli moja moja, ili desimali zibaki hata pivoti ikipangwa upya. Na safuwima ya kwanza iendelee kusoma 1,524.